Namba Si Rangi

Mabibi na mabwana, iulizeni kompyuta: nyekundu iliyomo kwenye picha ni nyekundu gani? Itawajibu: 255, 0, 0. Basi. Haisemi kama ni ya damu au ya tofali. Hiyo ni amri tu: washa nyekundu mpaka mwisho, zima kijani na buluu. Na kwa kuwa kila skrini ina nyekundu yake, amri ni moja lakini rangi ni nyingi.

Ndiyo maana mwaka 1993 kampuni nane ziliunda ICC (International Color Consortium), muungano wa kimataifa wa mambo ya rangi, ukaweka muundo wa profaili: faili dogo linaloeleza kwamba kwenye kifaa hiki, namba hizi huonekana hivi kwa jicho la mwanadamu.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi tunapoteleza. Ukibandika profaili nyingine kwenye picha, namba hubaki na rangi hubadilika. Ukiigeuza picha kwenda profaili nyingine, namba hubadilika ili rangi ibaki. Picha ya Adobe RGB, profaili yenye rangi pana, ukiibandika sRGB, iliyo finyu zaidi, sura za watu hupauka palepale. Mimi nimewahi kubandika pale nilipotakiwa kugeuza, nikagundua nakala zote zimeshatoka.

Tuje kwenye printa. Skrini hutoa mwanga, wino huumeza. Buluu kali ya skrini, 0, 0, 255, wino wa kawaida wa rangi nne hauifikii, na mara nyingi hutoka imeelekea zambarau. Msimgombeze fundi. Programu ina njia mbili kuu: kuzibana rangi zote kwa pamoja ili uwiano wake usivunjike, au kuziacha zinazofikika zilivyo na kuzisogeza zilizozidi hadi ukingoni. Kwa picha zenye rangi kali mimi huzijaribu zote mbili kwenye skrini kwanza, kwa profaili ya printa na karatasi ileile.

Halafu kuna lile lalamiko la kila siku: “Mbona imetoka giza?” Aghalabu printa haina kosa, ni skrini inayowaka kama kurunzi. Ishushe hadi kandela 80 au 120 kwa mita ya mraba, uipime kwa kifaa cha kupimia rangi, jicho halitoshi. Na karatasi uitazame chini ya taa ya kiwango cha D50, yaani yenye mwanga mweupe wa takriban kelvini 5000, si kando ya dirisha jua likizama.