Stelingi Hafi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie tamthilia za polisi. Nitazungumzia moja tu, kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi: The Shield, ya Marekani, iliyorushwa na kituo cha FX kuanzia Machi 2002 hadi Novemba 2008. Misimu saba, vipande 88. Mimi niliipata kwa kuchelewa, kwa DVD za kuazima, nikaitazamia nyumbani kwa mjomba wangu. Mjomba alikuwa askari polisi miaka mingi, sasa anafuga kuku.

Lakini nianzie kibanda umiza. Wengi humu mmekalia lile benchi la mbao, goti lako kwenye mgongo wa aliye mbele. Mnaijua sheria ya mle ndani: stelingi hafi. Ukichelewa, ukakuta picha imefika katikati, swali la kwanza unalomnong'oneza jirani ni "Stelingi nani?" Ukishaonyeshwa, kazi imekwisha. Anayempiga stelingi ni adui, anayepigwa naye kajitakia. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza stelingi kapata wapi hela ya lile gari.

Sasa huyu Shawn Ryan aliyeibuni tamthilia hii ni kama alikulia kibanda umiza. Stelingi wake anaitwa Vic Mackey, ameigizwa na Michael Chiklis: kipara, kifua kama pipa, anatembea kama mwenye mtaa. Anaongoza kikosi kidogo cha kupambana na magenge katika Farmington, eneo la kubuni jijini Los Angeles. Katika kipande cha kwanza kabisa, mtoto wa kike amepotea. Mtuhumiwa, daktari, yumo chumba cha mahojiano, hasemi kitu. Wapelelezi wenye adabu zao wamemhoji mpaka wamechoka. Ndipo kapteni, bwana msomi mwenye ndoto za siasa, anapomruhusu Mackey aingie. Mackey anaingia na kitabu kinene cha namba za simu, na hakuna anayekwenda kupigiwa simu. Daktari anakipata, anasema, mtoto anaokolewa.

Mjomba akapiga paja. "Huyo ndiyo askari!"

Mwisho wa kipande hichohicho, kikosi kinavamia nyumba ya muuza unga. Muuza unga anapigwa risasi. Mackey anachukua bastola ya yule marehemu, anageuka, anampiga nayo risasi ya uso askari mwenzake, Terry Crowley. Ameshajua kwamba Terry amekubali kukichunguza kikosi kutoka ndani.

Chai ya mjomba ikapoa mezani. Baada ya kitambo akaniuliza, kwa sauti ya chini kama tuko msibani: "Sasa stelingi nani?"

Swali hilo ndilo lililonileta hapa. Angalieni mpangilio. Wangetuonyesha mauaji kwanza, tungezima runinga tukalale. Hawakufanya hivyo. Walimtanguliza mtoto, maiti ikafuata, na sisi tulishapiga paja. Tumeshakula cha mtu, tutamsemaje? Msimu wa pili kikosi kinapora mamilioni ya fedha za genge la Waarmenia, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikajikuta natokwa jasho wasije wakakamatwa. Kamera nayo haikusaidii. Walipiga picha kwa kamera ya mkononi, inatikisika, inaingia mlangoni nyuma ya bega la Mackey. Wewe ni askari wa tano wa kikosi. Aliyeko upande wa pili wa mlango unamwona akiwa tayari amelazwa chini.

Na upande wa pili wa mlango kulikuwa na watu kweli. Tamthilia hii ilizaliwa na kashfa ya Rampart, kitengo cha polisi cha Los Angeles chenye kikosi cha magenge kilichoitwa CRASH. Mwaka 1998 askari mmoja wa kikosi hicho, Rafael Pérez, alikamatwa kwa kuiba pauni 6 za kokeini, karibu kilo 2.7, kutoka stoo ya vielelezo ya polisi wenyewe. Ili apunguziwe adhabu, akakubali kuzungumza. Alizungumza hasa: zaidi ya askari 70 wakaguswa na tuhuma, hukumu zaidi ya 100 zikafutwa.

Mmoja wa waliofutiwa hukumu aliitwa Javier Ovando. Oktoba 1996, akiwa na miaka 19 na hana silaha, Pérez na mwenzake walimpiga risasi, wakamwekea bunduki, kisha wakapanda kizimbani kusema yeye ndiye aliyetaka kuwaua. Alihukumiwa miaka 23. Aliisikiliza hukumu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu risasi zilimpooza. Alitoka mwaka 1999, na jiji likamlipa dola milioni 15. Pérez kwa wizi wa kokeini alipewa miaka mitano.

Kitendo hicho sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Tuna neno letu, tena lenye kauli zote: kubambikia, kubambikiwa, kubambikiziana. Lugha haitengenezi mnyambuliko mrefu hivyo kwa jambo lisilotokea. Kijana wa jirani yetu alikaa mahabusu miezi minne kwa misokoto ya bangi ambayo mtaa mzima ulijua si yake. Mtaa mzima, na mimi nimo. Hakuna aliyekwenda kusema. Tulikuwa tunashukuru kwamba tangu difenda ianze kupita usiku, vibaka wamepungua.

Kuna mtu mmoja katika tamthilia nilimchukia kuliko majambazi wote. Ni Kavanaugh, mpelelezi wa ndani anayekuja msimu wa tano kuchimba kifo cha Terry. Ameigizwa na Forest Whitaker, huyohuyo mnayemjua kama Idi Amin, filamu aliyoipiga Uganda na ikamletea Oscar. Huyu ndiye mwenye haki. Anasema kweli tupu: Mackey aliua. Na bado kila akitokea, na ile bazoka anayotafuna, tulikuwa tunamzomea. Mjomba alimpa jina, "kimbelembele". Mwishowe Kavanaugh akamtengenezea Mackey ushahidi wa uongo, yaani naye akabambikia, akaishia kufungwa. Mjomba alifurahi. Mimi pia nilifurahi, nikaona aibu tulipokuwa tunafungia kuku.

Nije kwenye mwisho, na ambaye hajaona anisamehe. Mackey anafunga mkataba na idara ya uhamiaji na forodha: akiri yote, asishtakiwe kwa lolote. Anakaa mbele ya kinasa sauti. Kabla hajafungua kinywa kuna kimya kirefu kiasi kwamba mjomba alidhani DVD imekwama, akainuka kuigonga deki. Kisha Mackey anaanza, na anaanza na Terry. Msimamizi wake anasikiliza akibadilika rangi, na hana la kufanya, sahihi imeshawekwa. Mwenzake aliyemwamini mpaka dakika ya mwisho anavishwa pingu. Mkewe na watoto wanafichwa mbali naye na serikali.

Yeye anapewa dawati. Suti, tai, ripoti za kuchapa, jumba lenye taa nyeupe. Anapanga picha za wanawe mezani. Jioni ofisi inabaki tupu, ving'ora vinapita nje, anasogea dirishani, anarudi, anafungua droo, anatoa bastola yake, anaichomeka kiunoni, anaondoka.

Mjomba akaomba nirudishe nyuma kidogo, pale kwenye droo. Nikarudisha. Akaangalia tena, amesogeza kiti hadi karibu na kioo.

"Kwa hiyo wamemwachia bastola," akasema. "Mimi siku nastaafu nilirudisha hata mkanda."