Ndege wa bendera na kinamasi chake

ZAITUNI: Karibuni tena. Mimi ni Zaituni, niko na kaka yangu Okello hapa Kampala. Tulipanga kuanza na muziki wa wiki hii, lakini Okello amekuja na jambo linalomchoma.

OKELLO: Linanichoma kweli, dada. Umeziona zile video za harusi? Bustani ya hoteli, maharusi wanacheza, na nyuma yao korongo taji wawili wanatembea kwenye nyasi. Watu wanaandika, "Pazuri sana!" Ndege wa porini hakai katikati ya spika kwa hiari yake.

ZAITUNI: Wamekatwa manyoya ya mabawa. Hawawezi kuruka.

OKELLO: Ndiyo. Na wengi wa aina hiyo huchukuliwa kinamasini wakiwa makinda. Korongo hutaga mayai mawili, matatu, mara chache manne, tena kiota kiko chini kwenye majani, mtu yeyote anakifikia. Dume na jike huishi pamoja miaka mingi. Ukimkamata mmoja, umevunja nyumba.

ZAITUNI: Na sheria tunayo, ile ya wanyamapori ya 2019. Huwezi kumfuga bila kibali.

OKELLO: Tunayo, na ina meno. Mwaka 2020 aliyemuua gorila Rafiki kule Bwindi alifungwa miaka 11. Nataka korongo naye ahesabiwe kuwa ni uhai, si pambo la bustani.

ZAITUNI: Mimi nilikuwa Namboole Agosti 2025, usiku ule wa michuano ya soka ya CHAN tulipotolewa na Senegal 1-0. Uwanja mzima unaimba, korongo yuko kwenye bendera, timu yenyewe ni Cranes, yaani korongo. Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, Kenya na Tanzania, na tutaimba tena. Lakini Okello, vijana wangapi pale wamewahi kumwona akiruka? Nikiwa mtoto Masaka niliwasikia alfajiri juu ya shamba la bibi. Leo ukipita kinamasi cha Lwera, njia ya Masaka, unaona mpunga na mashimo ya mchanga.

OKELLO: Hapo ndipo siasa inapoingia. Mwaka 1994 vinamasi vilikuwa asilimia 15.6 ya nchi hii. Kufikia 2019, takwimu za serikali zilisema vimebaki chini ya 9. Korongo mwenyewe tangu 2012 yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sasa kumbuka kampeni za uchaguzi wa Januari 2026. Kwetu tulisikia barabara, umeme, pesa za PDM, ule mpango wa serikali wa kuinua kipato cha kaya maskini. Kinamasi kilitajwa kwa ahadi moja tu: "Mkinichagua, hamtafukuzwa."

ZAITUNI: Ahadi hiyo ina kura, kaka, na ina sababu. Kwenye kinamasi cha Lubigi hapa Kampala, mwaka 2024 nyumba zilibomolewa, mama akabaki nje na watoto na magodoro. Utamwambia nini kuhusu korongo?

OKELLO: Sitamwambia kitu. Yeye alinunua kiwanja kidogo alichokimudu, na aliyemuuzia alijua ni kinamasi. Ninayemtaka atangulie kuondoka ni mwenye kiwanda aliyemwaga kifusi kinamasini lori baada ya lori. Akianza yule, wananchi wataamini kwamba sheria ni ya wote. Bila hivyo, kila anayetetea ndege ataonekana adui wa maskini, na mbunge atashinda kwa kumzomea.

ZAITUNI: Hilo naliunga mkono kabisa. Nami naongeza Rukiga, wilaya jirani na Kabale. Kuna wakulima kule wanaolinda viota vya korongo karibu na mashamba yao. Hao hawapandi jukwaani wala hawatokei kwenye video.

OKELLO: Tuwatafute, wao wenyewe wazungumze hapa.

ZAITUNI: Wiki ijayo, basi. Wewe una jamaa Kabale, mpigie aanze kuulizia. Haya, tuingie kwenye muziki.