Usimwite mbwa halafu ukampiga

Haya jamani, naomba mnisikilize kidogo wakati daktari wa mifugo anapanga sindano zake za kuchanja mbwa, na nyie mlioshika mbwa wawili wawili hebu waachanisheni kwanza tusianze na damu. Asanteni. Mlionisikia mwaka jana mtalisikia lile lile maana hamkulishika: usimwite mbwa halafu ukampiga.

Mimi mbwa wangu anaitwa Bosi, mbwa koko tu wa hapa hapa Kigoma. Siku moja akakata kamba akanitoka mpaka Kibirizi kule wanakoanika dagaa, na wale mama mnawajua hawana utani, nafika namkuta kasimama katikati ya dagaa za watu anakula kama yuko harusini. Naita Bosi njoo! Ananiangalia, anaendelea. Njoo! Njoo wewe mbwa! Mwisho akaja, masikini, masikio kayalaza, mkia chini, akaja mwenyewe mpaka miguuni pangu. Nikavua kandambili nikamchapa. Msicheke, nilimchapa ili wale mama waone na mimi nimekasirika, yaani mbwa alipigwa kwa ajili ya watu.

Sasa hapo kajifunza nini? Utasema kajifunza kutokula dagaa. Wapi! Dagaa alishazila zamani na hakuna kilichompata. Kitu cha mwisho alichofanya kabla ya kandambili ni kuja, kwa hiyo alichoelewa ni kwamba njoo maana yake kandambili. Toka siku ile nikimwita anakuja mpaka hatua kama kumi hivi, anasimama, anaangalia kwanza miguuni nimevaa nini. Kuna Mrusi mmoja, Pavlov, yule aliyepewa Nobel 1904 kwa mambo ya mmeng'enyo wa chakula, mbwa wake walikuwa wakisikia tu mlio waliouzoea kabla ya kula mate yanaanza kutoka, chakula bado hata hakijaletwa. Wangu mimi nilimfundisha hivyo hivyo ila kinyume, mate hakuna, mkia unaingia katikati ya miguu.

Ikabidi lile neno nilitupe. Nikaanza upya na "huku", ndani ya uzio, hatua mbili tu, kipande cha dagaa mkononi. Akija anapewa pale pale, sio uanze kupapasa mfuko, ukichelewa sekunde mbili tatu keshasahau analipwa kwa lipi. Halafu namwachia aende zake! Hapa ndio wengi mnakosea, unamwita mbwa jioni tu umfunge mnyororo, basi na yeye anajua kuitwa ndio mwisho wa raha. Ilinichukua miezi, kwa kandambili ya dakika moja.

Najua kuna mzee hapo nyuma anasema mbwa bila fimbo atakuwa rafiki wa wezi. Mzee wangu, shikamoo, mbwa anayekuogopa wewe haina maana mwizi atamwogopa yeye, na mbwa wa njaa na fimbo ndio huyo huyo anayenyamazishwa na utumbo wa kuku. Na anayesema mbwa ni najisi, mashehe Ujiji wamejaa, waulizeni, mimi ninachojua ni kwamba Kurani, Sura ya tano aya ya nne, imetaja wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Waliofundishwa! Tuendelee.

Kukaa. Dagaa shika karibu na pua, usimpe, ipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, yeye pua inaifuata juu, makalio yenyewe yanashuka, yakigusa tu chini ndio unasema neno na unampa. Hakuna kumkandamiza mgongo. Neno lipi? Lolote, ila nyumba nzima liwe moja, sio baba "kaa", mama "keti", watoto "sidauni" kama kwenye video, halafu mnasema mbwa wa Kiswahili hana akili. Mbwa hajui Kizungu jamani, ameshika sauti, ungemfundisha "mwiko" angekaa kwa mwiko. Tena "kaa" kwetu tunaitamka kutwa nzima, kaa hapo, kaa vizuri, kaa kimya, atajuaje sasa hivi anaambiwa yeye? Dakika tano asubuhi na tano jioni kabla hajala zinatosha, na kipindi cha mbalamwezi dagaa zikiadimika zikapanda bei mmoja umkate vipande vitatu, mbwa hahesabu gramu.

"Subiri" na "acha" nilitaka kuzisema, daktari keshaanza kuniangalia. Kwa kifupi subiri ni sekunde moja kwanza, ndio mbili, usikimbilie dakika. Acha tutaongea siku nyingine. Watoto wa mbwa wanaofikisha miezi mitatu waleteni leo, wasiachwe nyumbani eti wadogo.

Wewe kijana wa shati jekundu, mbwa wako keshachomoka yuko kule mwembeni. Hapana, hapana, usimwite! Kamba unayo mkononi na sindano kaiona, ukimwita saa hizi umelimaliza neno lako. Mfuate pole pole, umshike.