Makadirio Kwanza, Kikokotoo Baadaye

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie umahiri katika hesabu za msingi za uhandisi. Naomba tuanze na tenki la maji, maana wengi wenu mkitoka hapa kazi ya mwanzo itakuwa ya namna hiyo.

Tenki la duara lina kipenyo cha mita 1.8 na kimo cha mita 2. Litakaa juu ya mnara wa chuma wenye miguu minne. Mteja anauliza litaingia lita ngapi na mnara utabeba mzigo gani. Acheni kikokotoo mezani kwanza. Kama tenki lingekuwa sanduku lenye kitako cha mraba, mita 1.8 kila upande, eneo la kitako lingekuwa mita za mraba 3.24. Ukizidisha kwa kimo unapata mita za ujazo 6.5 hivi. Duara linaloingia ndani ya mraba huchukua zaidi kidogo ya robo tatu yake, basi jibu letu liko karibu na 5. Sasa kokotoa: pai, mara 0.9 kipeo cha pili, mara 2. Inakuja 5.09, yaani lita 5,090.

Anayeweka kipenyo mahali pa nusukipenyo atapata lita 20,360. Majibu ya aina hiyo nimeyasahihisha mengi, yamepigiwa mistari miwili kwa rula. Kanuni imeandikwa sawa na kuzidisha hakuna kasoro. Ila mwanafunzi hakujiuliza tenki lenye kimo cha mlango linawezaje kumeza maji ya boza zima. Umahiri ninaoutafuta mimi ni swali hilo. Kanuni utaikuta kitabuni hata ukiisahau.

Tuje kwenye mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tuna kilo 5,090. Zidisha kwa 9.81, namba ya mvutano wa dunia, unapata nyutoni (kizio cha nguvu) 49,900 hivi, karibu kilonyutoni 50, yaani nyutoni elfu hamsini. Kila mguu unabeba kilonyutoni 12.5, na hapo hatujahesabu uzito wa tenki lenyewe, chuma cha mnara wala upepo. Ukichukua 5,090 ukaiingiza kama ilivyo kwenye kanuni inayotaka nyutoni, utachagua chuma cha kubeba sehemu moja tu ya kumi ya mzigo halisi. Tafadhalini, andikeni kizio kwenye kila mstari, siyo kwenye jibu la mwisho peke yake.

Na msidhani haya huwapata wanafunzi tu. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa ikienda Edmonton. Kipimo cha mafuta kilikuwa hakifanyi kazi, ikabidi mafuta yakadiriwe kwa mkono. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ndani ya matangi mlikuwa na lita 7,682. Ili kupata kilo, wahusika wakazidisha kwa 1.77. Namba hiyo ni ya ratili (paundi, chini kidogo ya nusu kilo) kwa lita; ya kilo ni kama 0.8. Wakaongeza lita 4,916, na ilitakiwa waongeze lita 20,000 hivi. Ndege ikaruka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyotakiwa, injini zote mbili zikazimika angani. Rubani Bob Pearson na msaidizi wake Maurice Quintal waliiongoza ikielea bila injini mpaka kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa jeshi huko Gimli, Manitoba, na watu wote 69 wakatoka hai. Tazameni ile 1.77 tena. Maana yake ni kwamba lita moja ya mafuta ina uzito wa karibu kilo mbili. Yeyote aliyewahi kuinua galoni la maji na la mafuta ya taa anajua kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji, na maji yenyewe ni kilo moja kwa lita.

Aljebra na trigonometria mtafundishwa vizuri hapa, sina la kuongeza. Vipeo, hata hivyo, navisisitiza. Fundi wa paa husimamisha ubao wa milimita 50 kwa 100, haulazi. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hufuata upana mara kimo kipeo cha tatu, kwa hiyo ubao uleule ukisimama ni mgumu mara nne kuliko ukilala. Ongeza kimo kutoka 100 hadi 150: mbao umeongeza nusu, ugumu umepanda mara 3.4 hivi. Mhandisi anayeiona hiyo tatu ndani ya kanuni anajua pa kuweka pesa ya mteja.

Kwa hiyo katika majaribio yangu ya muhula huu, karatasi itakuwa na nafasi ya makadirio juu ya kila swali, na itajazwa kwa kalamu kabla vikokotoo havijagawiwa. Makadirio yaliyofikiriwa yana alama zake, hata kama hesabu iliyofuata imeteleza.