Mtumbwi Haubebwi, Randa Unaibebea Nini?

Asanteni, kaeni. Wa nyuma sogeeni, viti vya mbele viko wazi.

Wengi wenu mlishanisikia nikililia jambo hili la kubeba mashine nzito za karakana kwa mikono, na leo nalilia tena, kwa sababu juzi tu nimepita karakana moja huku Nyakato nikakuta vijana sita wameinama wanainua randa, mashine nzima ya kulainisha mbao, kwa mikono. Sita! Mmoja kavaa kandambili. Nikamwita fundi mkuu pembeni, akanijibu, "Mzee, si hapo tu, mita nne." Mita nne hizohizo ndizo zilizonitoa kidole.

Angalieni mkono wangu. Nilikuwa kijana kama hao. Pale nilipojifunzia kazi, karakana siitaji, randa ilikuwa imekaa karibu mno na ukuta. Mteja kaleta mbao za futi 14, ukiingiza ubao unatokea upande wa pili unagonga tofali. Tukaambiwa tuisogeze. Tukajipanga saba, moja, mbili, tatu, ikanyanyuka. Chini hatukufagia, maranda yalikuwa yametapakaa, na maranda juu ya sakafu laini yanateleza kama maganda ya ndizi. Aliyekuwa mkabala na mimi mguu ukamtoka. Mashine ikalala upande wangu, kidole cha pete kikabaki kati ya mguu wa mashine na kizingiti cha mlango. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia sauti ya chuma kupasuka.

Maana nayo randa iliumia. Mguu wake ulikuwa chuma cha kumimina, kile ambacho hakipindi, kinavunjika kama chungu. Akaitwa mchomeleaji, akachoma hapohapo bila kukipasha moto kwanza. Kilipopoa kikapasuka tena pembeni ya alipochomea. Miezi mitatu randa imelala, mbao za mteja zimekaa, mimi nyumbani na bendeji. Yote hayo kwa mita nne.

Sasa nendeni mwaloni Kirumba alfajiri, au Igombe, mwangalie mtumbwi wa mbao unavyopandishwa mchangani. Mbao zimenyonya maji, uzito wake si wa mchezo. Mmeshaona wavuvi wameubeba begani? Wanatandika magogo ya mviringo, wanasukuma kwa wimbo, na gogo likiachwa nyuma mtu analiokota anakimbia nalo mbele. Hakuna aliyewafundisha msuguano darasani. Sisi wenye vyeti ndio tunaobeba!

Hesabu yake ni hii. Chuma ukikiburuta juu ya zege kinadai nguvu inayokaribia nusu ya uzito wake. Randa ya kilo 300 unavutana nayo kama unavuta kilo 150. Ipandishe juu ya magurudumu magumu, sakafu imefagiwa, kilo 15 hivi zinatosha. Kijana mmoja anaisukuma huku anaongea na wewe.

Najua mnachotaka kusema: "Mzee, ikikaa kwenye magurudumu itatetemeka." Kweli kabisa! Ndiyo maana sitaki ifanye kazi ikiwa juu ya magurudumu. Sikilizeni vizuri hapa. Unachomelea fremu ya magurudumu kwa engo, yaani chuma cha pembe, ya milimita 50, nene milimita 5, mashine inakaa ndani yake chini kabisa, si juu ya meza. Kila kona unachomelea nati ya M16, yaani ya bolti nene milimita 16, ndani yake bolti ndefu imeelekea chini, na chini ya bolti kipande cha bati nene isichimbe sakafu. Ukitaka kufanya kazi, unashika spana namba 24, unazungusha bolti mizunguko mitano. Uzi wa M16 ni milimita 2 kwa mzunguko, kwa hiyo mashine imepanda milimita 10, magurudumu yananing'inia, na mashine imesimama kwa miguu minne ya bolti, imara. Zungusha kidogokidogo kona hii na ile inayoikabili, usimalize kona moja kwanza. Ukitaka kuhama unalegeza, inashuka yenyewe juu ya magurudumu. Dakika tatu.

Magurudumu yenyewe, upande mmoja weka mawili yasiyogeuka, upande unaosukumia mawili yanayogeuka. Usinunue yale madogo ya kitanda cha mtoto. Likikuta msumari limekwama. Chukua ya inchi 5. Na uzito wa mashine gawanya kwa tatu, si kwa nne. Watu wananibishia sana hapa. Sakafu zetu hazijanyooka, wakati wowote gurudumu moja linaweza kuwa hewani na matatu ndiyo yamebeba. Mashine ya kilo 360, kila gurudumu liwe la kubeba kilo 120 au zaidi.

"Itaibwa." Mwizi wa mashine hazuiliwi na uzito, anakuja na kirikuu na wenzake wanne. Funga mnyororo na kufuli kwenye nguzo.

"Mimi sihami." Mwaka 2020 nani alipanga kuhama? Ziwa Victoria lilipanda, mwezi wa Mei likapita kidogo hata rekodi ya 1964. Nilimsaidia jirani mwenye karakana karibu na maji. Vya mikononi vyote tulivitoa usiku mmoja. Msumeno wa meza uliofungwa kwa bolti za sakafuni ulibaki, na mota yake ikalala majini.

Muda unanikimbiza. Drili ya kusimama uzito wake uko juu, fremu yake itanue pande zote na uisukume ukishika chini, kamwe usivute kichwa chake. Kwenye mteremko, na Mwanza hii nani hana mteremko, mtu asikae upande wa chini. Funga kamba upande wa juu wa mteremko, izungushe kwenye nguzo, iachie taratibu. Ukitumia mabomba badala ya magurudumu, bomba lililokaa mshazari liwekwe sawa kwa fimbo, si kwa vidole. Na wenye umeme wa fezi tatu, mkirudisha waya baada ya kuhama, waya mbili za fezi zikibadilishana mota inazunguka kinyume. Washa na kuzima kwanza bila ubao, uangalie upande inakoelekea.

Ya mashine za kukereza nimeyaacha. Twende uani, fremu nimekuja nayo na randa ya wenyeji wetu iko pale mlangoni. Wewe binti wa mbele ndiye utakayeisukuma, peke yako. Nani ana spana namba 24?