Mwenye Misuli Naye Apimwe

NEEMA: Karibuni katika kipindi chetu, kinachorekodiwa hapa Dodoma. Mimi ni Neema, muuguzi, na niko na Mwalimu Daudi, ambaye vijana wengi wa Area C wanamfahamu kwa namna anavyowatoa jasho alfajiri. Leo tunazungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu hukutana nalo kazini kwake: kwa nini mtu mwenye pumzi na misuli huamini kwamba vipimo vya afya ni vya watu wengine.

DAUDI: Ahsante, Dada Neema. Nianzie upande wangu. Utimamu wa mwili ni uwezo wa kufanya kazi fulani bila kuelemewa, na uwezo huo hufuata kazi ambayo mwili umezoeshwa. Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwezi Septemba 2025, lakini ukimpeleka soko la mahindi la Kibaigwa na kumtwisha gunia la lumbesa, sidhani kama atawafikia wapakiaji wa pale. Nao wapakiaji ukiwaambia wakimbie kutoka Kibaigwa hadi Kongwa mjini, wengi watakaa chini njiani. Wote ni watu timamu wa mwili, kila mmoja kwa kazi yake.

NEEMA: Nami nikimpokea yeyote kati yao, maswali yangu ni mengine. Presha ikoje, sukari ikoje, analala saa ngapi, nyumbani wanakula nini, ana mtu wa kumweleza shida zake? Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaitaja afya kuwa ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala haiishii kwenye kukosa maradhi. Neno hilo "kamili" lina wakosoaji wake, kwa kuwa ukilishika sana hutampata mzima hata mmoja, lakini linatukumbusha kwamba mbio na vyuma ni sehemu moja tu ya hesabu.

DAUDI: Sehemu kubwa, lakini. Nisingependa msikilizaji apate kisingizio cha kubaki kitandani. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, na wakaonyesha kwamba makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipata maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani.

NEEMA: Sibishi hata kidogo. Mazoezi hushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari na hupunguza msongo wa mawazo. Ninachokataa ni kuyafanya cheti. Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni, alianguka uwanjani mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali dhidi ya Kolombia, akafariki akiwa na miaka 28. Ilibainika kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa, hali ambayo mara nyingi hurithiwa, na miaka yote ya kucheza soka la kulipwa haikuwa imeiondoa.

DAUDI: Hiyo ni nadra, Dada.

NEEMA: Ni nadra, ndiyo. Presha si nadra. Tunapoweka meza ya kupima baada ya mbio za pole, huja kijana mwenye mkono mnene kama mti, jasho linamtiririka, anataka apimwe hapohapo ili awahi chai. Namwambia akae kwanza dakika tano, aegemee kiti, nyayo zote mbili ziguse chini, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na asiongee. Halafu natafuta mkanda mpana, kwa sababu mkanda wa kawaida ukiufunga kwenye mkono wenye misuli mingi, mashine hutoa namba ya juu kuliko ilivyo kweli. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi baada ya utaratibu wote huo, narudia, na ikibaki pale namwomba arudi siku nyingine. Hapo ndipo ubishi unapoanza: "Nesi, mimi nakimbia kilomita kumi!"

DAUDI: Nawajua. Na wapo wanaokuja na hofu ya upande wa pili: mkimbiaji wa siku nyingi anapimwa mapigo ya moyo, yanakuwa chini ya 60 kwa dakika, anaambiwa ana tatizo, kumbe ni moyo uliozoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja.

NEEMA: Kama hana kizunguzungu wala hazimii, mara nyingi ni hivyo. Ndiyo maana namba peke yake haitoshi, sharti umwulize mwenye mwili.

DAUDI: Turudi Kibaigwa, kwa kuwa huku kwetu mtu shupavu si lazima awe wa jimu. Ni mkulima anayelima tangu alfajiri hadi jua la utosi.

NEEMA: Na huyo ndiye ninayemhofia zaidi, maana hakuna anayemdhania kuwa mgonjwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Kupika hakuiondoi. Inashambulia ini, na ini halina habari kama mwenyewe ana nguvu za kubeba gunia. Afya ya familia hiyo imo pia kwenye turubai la kuanikia, ili mahindi yasigusane na udongo, na kwenye kusubiri unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake kabla ya kuyaweka ghalani.

DAUDI: Ungeniambia nizungumzie afya, turubai lisingenijia akilini. Mimi ningemtaja mtumishi wa umma aliyehamishiwa hapa akaacha familia Dar es Salaam. Asubuhi anakimbia na sisi, kitambi kimeisha, kila mtu anamsifu. Usiku analala kwa saa nne tu, hana wa kula naye, na anayasubiri mazungumzo ya simu na watoto wake kwa hamu inayonitia wasiwasi.

NEEMA: Na akitajiwa msaada wa afya ya akili anadhani unamtania kwa Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili. Utani huo wa mjini kwetu umewafungia watu midomo. Kinyume chake, nina mama mwenye kisukari anayemeza dawa zake kwa wakati, anatembea dakika 30 siku tano kwa wiki, zile 150 zinazopendekezwa, na ana kikundi chake cha kanisani. Hawezi kushindana na vijana wako, lakini nikilazimika kuchagua, ningependa hali yake kuliko ya yule mbishi wa presha.

DAUDI: Basi nisaidie kwenye jambo la vitendo. Fomu za vikundi vya mbio huuliza namba ya simu na saizi ya fulana. Tuongeze nini?

NEEMA: Maswali matatu. Umewahi kuzimia ukiwa mazoezini? Umewahi kubanwa kifua ukikimbia? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufikisha miaka 50?

DAUDI: Na akijibu ndiyo?

NEEMA: Asikimbie kwanza. Aende hospitali asikilizwe moyo, apigwe kipimo cha umeme wa moyo, na daktari akiona haja atampeleka kwa wataalamu wa moyo, ambao tunao hapahapa Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wakimruhusu, mrudishie fulana yake.