Kugonga kwa Mbele: Mhadhara kwa Wenye Peugeot 504 na Mafundi Wao

Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokuja na ovaroli zenu, karibuni sana. Nimeombwa nizungumzie mlio mmoja tu: ule wa kugonga unaotoka mbele ya gari la zamani likipita barabara mbovu. Nitatumia Peugeot 504, kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku, na kwa kuwa mji huu wa Mombasa una haki nayo. Wafaransa waliitoa mwaka 1968. Ulaya waliacha kuunda saluni yake, ile ya milango minne, mwaka 1983, lakini sisi hapa tuliendelea kuiunganisha miaka mingi baadaye. Mashindano ya magari ya Safari iliyachukua mwaka 1975, dereva akiwa Ove Andersson, kisha ikayachukua tena mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Na wengi wenu mliokula chumvi nyingi mmewahi kubanana ndani ya ile ndefu ya abiria mkienda bara.

Gari hili lilipendwa kwa sababu springi zake ni laini na gurudumu hupanda na kushuka sana kabla halijafika mwisho. Basi hapo ndipo pia ilipo kazi yetu. Gurudumu likicheza mbali, kila bushi, yaani raba inayokaa kati ya chuma na chuma, na kila kiungo kinapinda mbali. Raba huchoka mapema kuliko mwenye gari anavyodhani.

Nianze na linaloniuma. Mtu anasikia ko-ko-ko, anakimbilia dukani, anarudi na shokomzoba mbili mpya. Zinafungwa, pesa zinalipwa, na tuta la kwanza nje ya gereji: ko. Kesho yake anaambiwa ni boljointi, kile kiungo cha tufe kinachoshika gurudumu. Kesho kutwa ni tairodi endi, kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani. Mwisho amenunua mbele yote mpya, na chanzo kilikuwa raba mbili ndogo za stabilaiza, ile fimbo ya chuma ya kupunguza gari kulala kwenye kona. Huu si ufundi. Ni kubahatisha kwa fedha ya mwenzako, na mimi nakataa kabisa kuuita ukaguzi.

Chuma hakigongi chuma mpaka kipate nafasi. Kwa hiyo swali la fundi ni moja: nafasi iko wapi? Na njia ya kulijibu ni kukitwisha mzigo kiungo kimoja kimoja, kisha kukipunguzia mzigo huo, huku ukisikiliza.

Kazi inaanza barabarani, kabla jeki haijatoka butini. Tafuta kipande cha barabara chenye vijishimo, uende mwendo wa mtu anayetembea haraka, madirisha wazi, redio kimya. Mlio ukianza, gusa breki kidogo tu, bila kusimama. Ukinyamaza papo hapo, acha springi na bushi zako. Kinacholia ni pedi za breki zinazocheza ndani ya kaliperi, kile kifaa kinachozibana, na dawa yake ni vibanio vya pedi vya bei ndogo. Nimeona magari yaliyofunguliwa mbele yote kwa ajili ya pedi.

Kisha tafuta tuta lililonyooka na ulipande magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Halafu rudi, ulipitie ubavuni ili lipande gurudumu moja tu. Stabilaiza inaunganisha kushoto na kulia. Magurudumu yakipanda pamoja, haijipindi, inazunguka tu ndani ya raba zake. Likipanda moja, inajipinda na kuzisukuma raba na linki zake, vile vijiti vya kuiunganisha, kwa nguvu. Gari likinyamaza katika tuta la kwanza na kugonga katika la pili, umeshajua pa kuanzia. Ukitaka uhakika, fungua linki za stabilaiza pande zote mbili, zifunge kwa waya zisiguse kitu, upite polepole mahali pale pale. Usiende mbali wala mbio hivyo, gari litalala sana kwenye kona.

Jaribio la tatu ni gari limesimama. Bonneti wazi, mwenzako azungushe usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, nawe uweke kiganja juu ya maunti ya shokomzoba, pale inaposhikana na bodi. Ukisikia mkwaruzo au kuhisi springi inajikunja kisha inaruka kwa mshtuko, beringi ya maunti imekufa au raba yake imeachana na chuma. Mkono unasikia kuliko sikio hapa. Sikio litakwambia "mbele kulia", kiganja kitakuonyesha nati.

Sasa jeki. Na hapa naomba vijana mnisikilize sana, maana ndipo makosa mengi yanapofanyika. Kwenye 504, uzito wa gari unashuka kupitia springi na shokomzoba moja kwa moja hadi kwenye gurudumu. Boljointi ya chini haibebi uzito huo, inashika tu gurudumu lisitoke mahali pake. Kwa hiyo ukitaka kuipima, inua gari kwa bodi, weka stendi, gurudumu lining'inie. Ukiweka jeki chini ya ule mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, unaibana boljointi kwa uzito wa gari na mpwayo wote, yaani kulegea kwake, unajificha. Utasema nzima, nayo imekwisha.

Lakini usiichukue kanuni hii ukaipeleka kwenye kila gari. Mercedes W123, ambayo nayo imejaa hapa pwani, springi yake imekalia mkono wa chini wenyewe. Huko mambo yanageuka: jeki inakwenda chini ya mkono, ili springi isiendelee kuisukuma boljointi. Kabla ya kuinua gari lolote la zamani, chuchumaa uangalie springi imekalia nini.

Gurudumu likining'inia, lishike juu na chini ulitikise. Kisha kushoto na kulia. Likicheza kushoto na kulia peke yake, tazama tairodi endi na raki ya usukani, ile fimbo yenye meno inayosukuma magurudumu. Likicheza pande zote, mwambie mwenzako akanyage breki. Mpwayo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi au kiungo kingine. Usitazame gurudumu wakati huo. Tazama kiungo chenyewe kwa tochi, au ukiguse kwa kidole, maana nusu milimita jicho haliioni kwa mbali.

Bushi za mkono wa chini zipime kwa mtaimbo mdogo. Upenyeze kati ya mkono na bodi, usukume polepole. Raba nzima inasogea kidogo na kurudi. Iliyokufa inaachia chuma kiguse chuma, au utaona ufa umezunguka na vumbi jekundu limeingia ndani. Bushi hizi ndizo zinazogonga mara moja, ko, ukishika breki au ukianza kuondoka.

Sasa nisimame kidogo kwenye kufunga, kwa sababu bushi nyingi mpya zinauawa siku ile ile zinapofungwa. Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Ile silinda ya ndani inabanwa na boli isisogee, ya nje imeshikwa na mkono, na raba iliyo katikati ndiyo inayojipinda. Fundi anaikaza boli gari likiwa juu ya stendi, gurudumu likining'inia, kwa sababu ndipo anapoifikia vizuri. Gari linashushwa, mkono unapanda, na raba tayari imeshapindwa hata kabla ya kuondoka. Kila shimo linaizidishia. Miezi michache inachanika, mteja analaumu duka. Funga boli kwa mkono tu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, bonyeza bampa likae sawa, kisha lala chini ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari, ukitumia spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Unapata vumbi mgongoni, lakini bushi inaishi.

Na tuache tabia ya kuosha mbele ya gari kwa dizeli. Raba inavimba, inalainika, inakatika. Vivyo hivyo mafuta ya injini yanayovuja: ziba uvujaji kwanza, ndipo ununue bushi. Raba za stabilaiza zikigoma kuingia, tumia maji ya sabuni, si grisi.

Kuhusu bushi zinazochongwa kwa tairi kuukuu: zimefikisha watu nyumbani, na ninawaheshimu wanaozichonga. Ila ni za kufikia nyumbani. Zile za poliyurethani nazo hazichakai haraka, lakini ni ngumu na zinaleta kila kokoto mpaka kwenye kiti. Anayeshindana anazihitaji. Mwenye 504 ya kutembelea, ninamwambia anunue raba, ya kulia na ya kushoto pamoja.

La mwisho ni springi. Ile nati ya juu ya shokomzoba, katikati ya maunti, usiifungue springi ikiwa haijabanwa. Springi hiyo ina nguvu ya kubeba robo ya gari, ikiruka inaua. Vibano viwili, kimoja kila upande, vikazwe kwa zamu, na uso wako usiwe juu yake. Waya na kamba si vibano. Gereji isiyo na vibano ipeleke kazi hiyo kwenye gereji iliyo navyo, hakuna aibu.

Ukishamaliza, gari lipimwe alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, lizungushwe wiki moja, kisha boli zote ulizozigusa zikaguliwe tena. Pale nje kuna saluni ya 504 juu ya stendi, gurudumu la kulia linaning'inia. Ina viungo viwili vibovu. Njooni wawili wawili, mmoja atikise, mwingine aweke kidole, na asiniambie mtu ni kipi mpaka wote mmepita.